Ngeli za Nomino na Falsafa ya Thomas Aquinas: Ushahidi wa Mpaka wa Busia

Mwaka 1956 Padre Alexis Kagame wa Rwanda alichapisha mjini Brussels kitabu chake juu ya falsafa ya Wanyarwanda kuhusu kuwako kwa vitu. Asili ya kitabu hicho ni tasnifu aliyoitetea mwaka 1955 katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, Roma. Ingawa kiliandikwa na padre kwa zana za falsafa ya seminari, hoja yake kuu ni ya kiisimu. Kagame alidai kwamba atakaye kujua jinsi Wabantu walivyougawa ulimwengu katika fikra zao hana budi kuanza na muundo wa lugha yao. Katika Kinyarwanda mzizi -ntu hupokea viambishi vinne na kutoa majina manne: umuntu, yaani kilichopo chenye akili; ikintu, yaani kilichopo kisicho na akili; ahantu, yaani mahali pamoja na wakati; na ukuntu, yaani namna ya kuwa. Kategoria kumi za Aristotle, ambazo Wakristo wa Ulaya wa zama za kati walizipokea na kuzitukuza, Kagame aliziingiza zote katika vyumba hivyo vinne. Mwaka 1976 alirudi kwenye jambo hilohilo katika kitabu kingine, akilipanua kwa kulinganisha lugha nyingi za Kibantu.

Dai hili limejadiliwa sana, mara nyingi na wanafalsafa wasiojali sarufi, na mara chache na wanasarufi wasiojali falsafa. Makala haya yanakusudia kulipima kwa njia mbili zinazokutana. Ya kwanza ni kuuliza kama Thomas Aquinas mwenyewe, au Thoma wa Akwino kama Wakatoliki wa Afrika Mashariki wamwitavyo, angelikubali kwamba sarufi ni ramani ya vitu. Ya pili ni kulipeleka dai mahali ambapo lugha ya Kibantu na lugha isiyo ya Kibantu zinaishi ukuta kwa ukuta chini ya mafundisho yaleyale ya dini. Mahali hapo ni mpaka wa Kenya na Uganda, tangu Mundika, karibu na mji wa Busia, ambako wenyeji Wakhayo husema Olukhayo, mojawapo ya lahaja za Kiluhya, hadi Malaba, ambako Wateso husema Kiteso, lugha ya Kiniloti iliyo jamaa ya Kikarimojong na Kiturkana. Mwendo wenyewe kwa gari hauzidi saa moja.

Haifai kumdhania Thomas kuwa mgeni asiyehusika na mpaka huo. Eneo lote la magharibi ya Kenya lilikuwa sehemu ya himaya ya Uganda hadi mwaka 1902, na hata baada ya serikali kuhamisha mpaka wake, Kanisa Katoliki liliendelea kulihesabu chini ya Vikarieti ya Nile ya Juu, iliyoanzishwa mwaka 1894 na kukabidhiwa mapadre wa Mill Hill, mpaka ilipoundwa Prefektura ya Kavirondo mwaka 1925. Mapadre hao walikuwa wamelelewa katika mfumo ulioamriwa na Papa Leo wa Kumi na Tatu katika waraka wake wa mwaka 1879, ambao uliyarudisha mafundisho ya Thomas kuwa msingi wa falsafa katika shule za Kanisa; na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ikawalazimu walimu wa seminari wafuate njia, mafundisho na kanuni zake. Kwa hiyo kijana wa Kikhayo au wa Kiteso aliyetoka kwao kwenda kusomea upadre kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano alikutana na Thomas kabla hajakutana na mwanafalsafa mwingine yeyote, tena alikutana naye kwa Kilatini. Hata kijana wa siku za baadaye aliyeusoma muhtasari wa falsafa hiyo kwa Kiingereza alikuwa akifikiri katika lugha ya tatu juu ya mambo ambayo lugha ya mama yake ilikuwa na namna yake ya kuyataja. Swali la Kagame lilizaliwa katika hali kama hiyo, nalo ni swali la haki hata kama jibu lake lina kasoro.

Thomas alizaliwa karibu na mwaka 1225 huko Roccasecca, katika Italia ya kusini, akawa mtawa wa shirika la Wadominiko, akafundisha Paris na Napoli, akafariki Fossanova tarehe 7 Machi 1274 akiwa ameacha Summa theologiae bila kuimaliza. Yanayohitajika hapa ni mafundisho yake mawili tu. La kwanza ni lile la kitabu chake cha ujanani, De ente et essentia: kwamba katika kila kiumbe dhati ya kitu, yaani kile kinachokifanya kiwe kitu cha aina fulani, si sawa na kuwapo kwake. Mtu anaweza kufahamu vema farasi ni nini bila kujua kama farasi yupo. Kwa Mungu peke yake dhati na kuwapo ni kitu kimoja. La pili, ambalo wafasiri wa Kagame hawakulizingatia inavyostahili, linapatikana katika swali la kumi na tatu la sehemu ya kwanza ya Summa, panapojadiliwa majina ya Mungu. Hapo Thomas anatenganisha kinachotajwa na jina na namna ambayo jina linakitaja. Tukisema Mungu ni mwema, wema unaotajwa ni wake kwa haki kuliko ulivyo wa kiumbe chochote. Lakini namna ya kuutaja imetokana na ufahamu wetu sisi, ambao tumejifunza wema kwa kuwaona viumbe. Jina halikigusi kitu moja kwa moja. Linapitia katika fikra ya asemaye.

Mfano mzuri wa tofauti hiyo umo ndani ya Kiswahili. Thomas anaeleza katika De ente et essentia kwamba neno la Kilatini lenye maana ya mtu na neno lenye maana ya utu yote mawili yanataja dhati ileile. Ila la kwanza linaitaja kwa ujumla wake, pamoja na mwenye kuwa nayo, na la pili linaitaja kwa kuiambua. Ndiyo sababu twaweza kusema Juma ni mtu, lakini hatuwezi kusema Juma ni utu. Katika Kiswahili kazi yote hiyo hufanywa na kiambishi: ondoa m-, tia u-, mzizi ubaki ulivyo. Kilichobadilika si kitu kinachotajwa, bali namna ya kukitaja. Kagame naye aliyajua majina ya ngeli hii, kwani Kinyarwanda kina ubuntu, lakini hakuyapa cheo cha kategoria. Na alikuwa na haki, maana utu si kitu cha pili kilicho kando ya mtu. Lakini akishakubali kwamba kiambishi hiki hakitaji aina ya vitu, ni vigumu kuona kwa nini vingine vinne vitaje.

Tuviangalie vingine hivyo. Kiswahili hutoa mtu na kitu kutoka mzizi uleule, na Olukhayo hutoa omundu na esindu. Hadi hapo Kagame ana mashahidi. Mashaka huanza mtu anapotoka kwenye mzizi huo na kuangalia ngeli nzima. Katika Kiswahili kijana, kiongozi, kipofu na kiziwi huchukua kiambishi cha kitu, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba kiongozi hana akili, angalau si kwa sababu za kisarufi. Jitu lina ukubwa kuliko mtu, na lina akili vilevile, ila halimo katika ngeli ya mtu. Isitoshe, upatanisho wa Kiswahili unavuka mipaka ya ngeli kwa kufuata kanuni nyingine: tunasema kijana amekuja, na vilevile ng'ombe amekuja, mdudu amekuja. Mpaka unaolindwa na Kiswahili si mpaka wa akili, bali ni mpaka wa uhai wa kujongea, kwa maana mti haumo. Kwa lugha ya Thomas, Kiswahili kimeitambua jinsi pana ya wanyama wote, mwanadamu akiwa mmoja wao, na hakikuitambua ile tofauti mahususi ya akili ambayo ndiyo nguzo ya kategoria mbili za kwanza za Kagame. Hata Kinyarwanda chenyewe hakikumtii mwandishi wake. Imana, jina la Mungu, limo katika ngeli moja na imbwa, yaani mbwa. Kagame alisema kwamba Mungu yuko nje ya kategoria zote nne, jambo ambalo Thomas angeliliunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa naye alifundisha kwamba Mungu hayumo katika jinsi yoyote. Lakini hilo Kagame hakulisoma katika ngeli. Alilijua tayari.

Zingatia pia mahali. Kategoria ya tatu ya Kagame inasimama vizuri katika Kinyarwanda kwa sababu ahantu lina mzizi -ntu. Kiswahili kimeliacha jina la namna hiyo, kikachukua mahali kutoka Kiarabu na kulivika upatanisho wa pa-, ku- na mu-. Kwa namna ya kuwa kina hali na jinsi, nayo ni ya Kiarabu. Je, Waswahili walipokopa majina hayo walibadili kategoria zao za fikra? Hakuna anayeweza kusema hivyo kwa uzito. Bali mkopo wenyewe una historia ya kustaajabisha. Jinsi ni neno walilolitumia wanafalsafa wa Kiislamu kwa ile daraja ya juu inayozikusanya aina. Dhati ni istilahi yao vilevile. Na neno walilolitumia kwa kategoria ya kwanza ya Aristotle, kitu kisimamacho chenyewe, limefika pwani ya Afrika Mashariki likiwa johari, yaani kito cha thamani. Thomas aliwasoma Ibn Sina na Ibn Rushd katika tafsiri za Kilatini, na kumtaja huyo wa pili mara nyingi kwa cheo cha Mfafanuzi tu. Hivyo msamiati wa Kiswahili na falsafa ya seminari ni watoto wa shangazi na mjomba waliokutana ukubwani bila kutambuana.

Sasa tuvuke kwenda Malaba. Kiteso hakina ngeli za Kibantu. Nomino zake hugawanywa katika jinsia tatu zinazoonyeshwa na kiambishi cha mwanzo: ekile ni mwanamume, aberu ni mwanamke, ikoku ni mtoto. Katika jinsia ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike, yumo pia itunganan, yaani mtu. Na humohumo kimo ibore, yaani kitu. Mtu na kitu, ambao kwa Kagame ndio mgawanyo wa kwanza wa vyote vilivyopo, katika Kiteso wanakaa chini ya paa moja. Ikiwa kategoria za fikra husomwa katika viambishi vya nomino, basi Mteso wa Malaba hatofautishi mwenye akili na asiye na akili, na Mkhayo wa Mundika, anayeuza naye na kununua katika soko moja, na pengine kuoleana naye, hutofautisha. Hitimisho hilo ni la upuuzi, na upuuzi huo hauondoki kwa kusema kwamba Kagame aliandika juu ya Wabantu peke yao. Mbinu ya utafiti iliyo halali ng'ambo hii ya mto haina budi kuwa halali ng'ambo ya pili.

Inafaa kusema kwamba kosa hilo halikuanzia Afrika. Muda mfupi baada ya Thomas walitokea katika vyuo vya Ulaya wanasarufi walioshika kwamba namna za kutaja zilizomo katika lugha huakisi namna za kufahamu, na namna za kufahamu huakisi namna za kuwa. Miongoni mwao walikuwamo Martin wa Dacia, Boethius wa Dacia, na Thomas wa Erfurt aliyeandika mwanzoni mwa karne ya kumi na nne. Sarufi yao ilikuwa ya Kilatini, nao waliichukulia kuwa sarufi ya binadamu wote. Kagame, aliyekusudia kuitoa fikra ya Kiafrika chini ya kivuli cha Kilatini, aliishia kuwa karibu na wanasarufi hao kuliko na Thomas Aquinas. Heshima yake haipungui kwa hilo: yeye alikuwa na ujasiri wa kukipa Kinyarwanda daraja ambalo wao walikipa Kilatini.

Jambo lenyewe si la nadharia tupu, kwa sababu lina uzito kwa watu wawili: mfasiri wa dini, na mwanafunzi anayeambiwa kwamba hii ndiyo falsafa ya kwao. Kwa mfasiri, mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Waacholi wa kaskazini ya Uganda uliosimuliwa na Okot p'Bitek katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya dini za Kiafrika katika maandishi ya wataalamu wa Magharibi. Wamisionari wa Kiitalia walipowauliza wazee, mwaka 1911, ni nani aliyewaumba, swali lao katika lugha ya wenyeji liligeuka kuwa ni nani aliyewafinyanga. Na wazee wakakumbuka kwamba yupo anayemfinyanga mtu akatoka na kibyongo, naye huitwa Rubanga. Hivyo Rubanga akawa jina la Mungu Mwumba. Okot aliona hapo ushahidi kwamba dhana za Kigiriki zimevishwa miungu ya Kiafrika kwa nguvu. Malaba kuna jambo la jamaa hiyo: Wakristo wa Kiteso humwita Mungu Edeke, na katika Kikarimojong na Kiturkana edeke ni ugonjwa.

Je, basi Mteso anayesali anauomba ugonjwa? Thomas ana jibu ambalo Okot hakulihitaji katika ubishi wake, lakini linaufaa. Katika lilelile swali la kumi na tatu anatoa mfano wa jina la Kilatini la jiwe, ambalo wataalamu wa wakati wake walidhani lilitokana na kuumiza mguu. Hata ikiwa ndiyo asili yake, asema, jina hilo halina maana ya kinachoumiza mguu. Lina maana ya kitu cha aina ile. Jina huchukuliwa kutoka jambo moja na kuwekewa kutaja jingine. Kwa kipimo hiki, chimbuko la Edeke haliwezi kuamua kile ambacho waumini wa Malaba wanakitaja leo. Hata hivyo, Thomas hamwondolei mfasiri mzigo wote. Okot alikuwa sahihi kwamba swali lililoulizwa vibaya huzaa jina, na jina likishaota mizizi hutumiwa baadaye kuthibitisha kwamba wenyeji walikuwa wakiamini hivyo tangu zamani. Mundika, ambako huitwa Nyasaye, jina wanalolitumia pia Wajaluo, kuna hatari hiyohiyo ya kusoma historia ya imani katika historia ya neno.

Uzito wa pili ni wa mwanafunzi. Placide Tempels, mmisionari Mfransisko aliyefanya kazi Katanga, alitoa mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, akidai kwamba kwa Mbantu kuwapo ni nguvu, na kwamba Mzungu ndiye atakayemweleza Mbantu mwenyewe falsafa yake kwa mpango ulio wazi. Paulin Hountondji wa Benin alimjibu vikali mwaka 1977, akikataa falsafa ya kundi zima isiyo na mwanafalsafa hata mmoja. Lakini ubishi huo wote uliachia jambo moja lipite. Neno Bantu katika vitabu hivi lilianza kama istilahi ya uainishaji wa lugha, likaishia kusimama badala ya Afrika. Mwanafunzi wa Kiteso katika kaunti hiyohiyo ya Busia akikabidhiwa kategoria za -ntu kuwa ndizo fikra za Kiafrika anakuwa mgeni mara mbili: mgeni kwa Kilatini, kisha mgeni kwa umuntu.

Hata hivyo, Kagame aliona jambo moja ambalo ushahidi wa mpakani hauliangushi, nalo ameliona kwa kitenzi, si kwa nomino. Alisema kwamba katika lugha za Kibantu kitenzi cha kuwa hakiwezi kusimama peke yake. Hoja ya Descartes kwamba kwa kuwa ninafikiri basi mimi ni, ikitafsiriwa neno kwa neno, humwacha msikilizaji akiuliza: wewe ni nini, au uko wapi? Ili kutaja kuwapo lazima kitenzi kishikiwe mahali: katika Kinyarwanda -liho, katika Kiswahili -po, -ko au -mo. Kiswahili kina ni ya kuunganisha kiima na kiarifa, na kina yupo ya kutaja kuwapo, na hakuna msemaji anayezichanganya. Thomas, aliyeandika kwa lugha ambayo kitenzi kimoja hufanya kazi zote mbili, alilazimika kueleza kwamba kuna kuwa kwa maana ya tendo la kuwapo, na kuna kuwa kwa maana ya kuunganisha sentensi akilini. Msemaji wa Kiswahili hupewa tofauti hiyo bure.

Na Kiteso je? Nacho kina erai ya kuunganisha na ejai ya kutaja kuwapo au kuwa mahali. Jambo ambalo ngeli zililitenganisha kitenzi kimeliunganisha, tena baina ya lugha zisizo na ujamaa wa nasaba. Kiarabu nacho, kama al-Farabi alivyokwisha kueleza katika karne ya kumi, hakina kiunganishi kama cha Kigiriki au cha Kiajemi, na ni katika Kiarabu ambamo Ibn Sina aliyafafanua mafundisho ya dhati na kuwapo ambayo Thomas aliyapokea. Ushahidi huu usivutwe mno. Thomas aliyatetea mafundisho hayo kwa Kilatini, na wengi waliosema Kiarabu waliyakataa, Ibn Rushd akiwa mbele yao. Lugha inaweza kuiweka tofauti mkononi mwa msemaji. Kuitumia kama hoja ni kazi yake.

Limebaki suala la mahali. Ikiwa kuwapo husemwa kwa kiambishi cha mahali, je, Mungu anayesemwa kuwa yupo amewekwa mahali? Thomas alifundisha kwamba Mungu yumo katika vitu vyote, si kama kilichomo chomboni, bali kama mtendaji alivyo karibu na anachokitenda, akivipa vitu kuwapo kwake. Kwa hiyo -mo ingekuwa na utetezi wake. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952, walipofika kwenye jina ambalo Mungu alimpa Musa katika sura ya tatu ya Kutoka, aya ambayo kwa Thomas ndiyo msingi wa jina lililo la haki kuliko yote, hawakuweza kutumia ni, kwa sababu ni ingedai kiarifa. Walikuwa na viambishi vitatu mbele yao: -po ya mahali palipo dhahiri, -mo ya ndani, na -ko ya mahali pasipowekewa mpaka. Walichagua -ko.